Sodo, Maji na Jua: Historia ya Kitambaa cha Mwezini kutoka Mzizima hadi Mbagala

Kiswahili kina majina mengi kwa jambo ambalo wasemaji wake hawapendi kulitaja. Mwanamke huwa mwezini, huziona siku zake, huwa na udhuru, hupata hedhi. Na msichana anayefikia hali hiyo kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Kila jina lina asili yake. Hedhi ilikuja na vitabu vya fiqhi. Mwezi ni wa angani. Udhuru ni wa mkekani, kwa kuwa aliye nao husamehewa sala. Ama ungo, wapo wanaousikia kuwa ni ule wa kupepetea nafaka, na wapo wanaosikia ndani yake maungo ya mwili. Lakini kwa kitu chenyewe cha kuzuilia damu liko neno kongwe, sodo, ambalo kamusi zimelihifadhi ilhali wengi wa wakazi wa Dar es Salaam hawalitumii tena. Wao husema pedi, au, kwa lugha ya ofisini na ya matangazo, taulo za kike. Safari ya kutoka sodo hadi taulo ni safari ya bidhaa, na ni safari ya mji pia, kwa kuwa kila namna ya kujikinga inahitaji nyumba ya namna yake, maji ya namna yake na mtu wa kufundisha.

Ardhi ambayo leo inaitwa Kinondoni na Temeke ilikuwa ya Wazaramo na jamaa zao wa pwani kabla ya Sultani Majid bin Said wa Unguja kuanza kujenga mji wake jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Kwa Wazaramo, damu ya kwanza ya msichana haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilikuwa khabari ya ukoo. Msichana aliwekwa ndani, akawa mwali. Na kukaa huko kuliweza kuchukua miezi mingi, na zamani hata miaka. Alifundishwa chini ya mti wa mkole, na alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho mikono wala miguu, chenye kichwa kilichosukwa pande mbili, akitunze kama mtoto. Mwanaanthropolojia wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, aliyaandika hayo kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. Wakati ule Bunju ilikuwa kijiji cha wakulima na wavuvi kaskazini ya mji. Leo ni kitongoji cha Kinondoni, na daladala humwaga abiria pale walipokuwa wakipita wali na makungwi wao.

Kabla ya Swantz, mwenyeji mwenyewe alikwisha kuandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, aliingiza ndani ya kitabu hicho desturi za kuwafunda wasichana wa pwani. Hata hivyo kitabu cha mwanamume, hata akiwa mjuzi kama Mtoro, huishia mlangoni. Ya ndani yalikuwa ya kungwi na somo. Wao ndio waliojua kitambaa hukunjwa mara ngapi, hufungwa vipi kwenye uzi wa kiuno, hufuliwa saa gani, huanikwa wapi. Elimu hiyo ilipita kwa mdomo, kwa wimbo na kwa ngoma. Unguja ilidumu katika mikono ya watu kama Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, na ambaye walimwengu walimjua kwa taarab ilhali wasichana wengi wa kisiwani walimjua kwanza kwa unyago.

Basi kitambaa chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa kipande cha nguo iliyokwisha kuvaliwa. Kwa hiyo historia ya sodo ya pwani ni mkia wa historia ya nguo. Katika karne ya kumi na tisa nguo iliyotapakaa zaidi ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Marekani na Seyyid Said bin Sultan walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipoikata njia ya merikani, nguo za Bombay na za Uingereza zilipata nafasi. Pamoja nazo ilikuwepo kaniki, nguo ya buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, vazi la watumwa na mafukara. Kisha, karne ilipokuwa ikielekea ukingoni, ikaja kanga, ambayo husimuliwa kuwa ilizaliwa kwa kuunganisha vipande vya leso.

Kila moja ya nguo hizo ilikuwa na tabia yake. Kaniki haionyeshi doa, na kwa sababu hiyohiyo haionyeshi kama imetakata. Merikani huonyesha yote mawili. Kanga mpya ina uwanga: ni ngumu, hung'aa, na tone la maji huteleza juu yake. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu au minne imelegea, uwanga umekwisha, nyuzi zimefunguka, na hunywa maji kama udongo mkavu. Mwanamke wa pwani aliyeichana kanga kuukuu na kuiacha mpya alikuwa amechagua kwa ujuzi ambao leo kiwanda huulipia maabara. Fukara alitumia kilichochakaa kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho, na kwa bahati njema kilichochakaa ndicho kilichofaa.

Vitabu vya dini navyo havikunyamaza. Katika chuo cha pwani, kijana aliyesoma Safinat an-Najah alijifunza kuwa, kwa madhehebu ya Shafi, uchache wa hedhi ni mchana na usiku mmoja, aghlabu yake ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano. Sala zilizopita katika siku hizo hazilipwi, saumu hulipwa. Mwanamke ambaye damu yake haikatiki, mwenye istihadha, ameelekezwa ajisafishe, ajizuie kwa pamba, ajifunge kitambaa, kisha atawadhe kwa kila sala. Na imepokewa kuwa wanawake wa Madina walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha pamba yenye alama ya umanjano ili wajue kama wametoharika, naye akiwataka wasifanye haraka mpaka waone weupe. Kwa hiyo pamba ilikuwa kinga, na ilikuwa shahidi vilevile. Mwanamke aliyeulizwa na sheria lini ametoharika alihitaji kitambaa kinachosema kweli, na wala hakuna aliyeona haya kuliandika hilo kwa Kiarabu. Haya zilianza lilipotakiwa kusemwa kwa Kiswahili, mbele ya watu, kwa sauti.

Kitambaa kina masharti manne: maji, sabuni, jua na faragha. Likikosekana moja, mengine hayatoshi. Damu hutoka kwa maji baridi na hung'ang'ania kwa maji ya moto. Kitambaa kilichofuliwa kikaanikwa juani hukauka upesi, na joto na mwanga wake husaidia kupunguza vijidudu. Kilichofichwa chini ya godoro kikiwa kibichi huota ukungu, hunuka, na humwasha mwenyewe. Kijijini, nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa makuti na kisima chenye maji matamu. Mwali alikuwa ndani hata hivyo. Hakutakiwa kukaa kwenye dawati saa saba mfululizo wala kuning'inia mlangoni mwa gari.

Mji ulivunja masharti hayo moja baada ya jingine. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na katika miaka ya 1950, serikali ya Waingereza ilijenga mitaa ya Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke. Nje ya mitaa hiyo iliyopangwa, watu walijijengea: Manzese, Tandale, Keko, baadaye Mbagala. Nyumba iliyoenea ilikuwa ile inayoitwa ya Kiswahili, yenye ukumbi wa katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani jiko, choo na bafu la wote. Katika nyumba hiyo chumba kimoja ni familia moja. Kamba ya kuanikia ni moja, na wapangaji ni sita pamoja na watoto wao. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuanika kitambaa chini ya kanga: kanga juu inapata jua, kitambaa chini kinapata kivuli. Faragha ilinunuliwa kwa jua.

Maji nayo yakawa ya kununua. Maeneo mengi ya pembezoni, Mbagala yakiwemo, yametegemea kwa miaka mingi visima vilivyochimbwa ambavyo mara nyingi maji yake yana chumvi, na maji ya chumvi hayatoi povu. Mama anayenunua maji kwa dumu huyagawa kwa utaratibu: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga, ya kufulia. Maji ya kitambaa huwa ya mwisho katika orodha, na pengine ni yaleyale yaliyokwisha kufulia kitu kingine. Shirika la maji la mji lilikabidhiwa kwa kampuni binafsi mwaka 2003, na mkataba ukavunjwa Mei 2005. Katika mjadala ule uliozungumzwa hata nje ya nchi, watu walitaja mabomba, madeni na mahakama. Maji ya kitambaa hayakutajwa.

Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Ubungo, na kanga za nchini zikaingia sokoni. Lau mambo yangekwenda sawa, kizazi kile kingekuwa na pamba tele. Kisha zikaja sera mbili na balaa moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote, nalo likatekelezwa kuanzia 1977. Sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikaifanya shule kuwa lazima. Msichana aliyevunja ungo akiwa darasa la sita hakuweza tena kuwekwa ndani mwaka mzima. Uwali ukafupishwa ukawa wa majuma, ukawa wa likizo, na kwa wengine ukafa. Balaa ni ile dhiki iliyofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na kuporomoka kwa uchumi: nguo, sabuni, mafuta na sukari vikawa vya foleni. Wanaoikumbuka miaka ile husimulia kufua kwa majani ya mpapai. Kanga haikuchanwa kabla ya kumaliza kazi zake zote: ilivaliwa, ikabeba mtoto, ikawa shuka, ikawa pazia. Ilipofika zamu ya kuwa sodo ilikuwa imebaki nyuzi.

Wakati huohuo, mbali na pwani, kitu kingine kilikuwa kimekwisha kukua. Katika Vita Vikuu vya Kwanza kampuni ya Kimarekani ya Kimberly-Clark ilitengeneza bandeji za nyuzi za mti kwa ajili ya majeruhi. Vita vilipokwisha, mwaka 1920, bandeji hizo zikaanza kuuzwa kwa wanawake kwa jina la Kotex. Earle Haas alipata hataza ya tamponi mwaka 1933. Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha mpira mwaka 1937, nacho kikasahauliwa kwa miongo kadhaa. Pedi za mwanzo zilifungwa kwa mkanda kiunoni, karibu na ilivyokuwa sodo ya pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ikaja pedi yenye gundi mgongoni, na mkanda ukatupwa.

Gundi ile ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kitambaa cha kungwi kilihitaji uzi tu. Pedi ya gundi haina pa kushika bila chupi, tena chupi inayobana vizuri. Ndiyo sababu wagawaji wengi wa misaada mashuleni wamejifunza, baada ya kugawa pedi peke yake, kuwa ni lazima wagawe na chupi. Bidhaa iliyobuniwa kwa mwili uliovikwa namna moja ilikutana na mwili uliovikwa namna nyingine.

Dar es Salaam ilifunguka upya kuanzia mwaka 1984, biashara ilipoanza kulegezwa, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 na watu kumwita Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa. Pedi zikaonekana katika maduka ya dawa ya Kariakoo, kisha katika vibanda vya Tandika na Mwenge. Mitumba ilileta fulana za pamba, nzuri kwa kuchana. Ilileta pia nguo za nyuzi za plastiki zisizonywa kitu. Binti asiyefundishwa tofauti hiyo huchana yoyote, kisha hushangaa kwa nini inavuja. Muuza duka naye hufunga pakiti kwa gazeti au huitia katika mfuko mweusi, akidhani anamsitiri mteja. Huko dukani hakuna kungwi. Pakiti ina picha ya ua na mistari michache ya maelezo, na hesabu yote imeachiwa mnunuzi.

Na hesabu ipo. Anayebadilisha mara nne kwa siku, kwa siku tano, hutumia vipande 20 kwa mwezi mmoja. Kwa mizunguko 13 ya mwaka ni vipande 260. Nyumbani mwenye mabinti watatu na mama yao, ni vipande 1,040. Hiyo ni fedha kwanza. Kisha ni taka. Pedi ya kisasa ina unga unaogeuka kuwa utelezi kama mlenda ukikutana na maji, na ina ngozi ya plastiki chini. Haiozi upesi, na hufura. Sehemu kubwa ya vyoo vya pembezoni ni vya shimo, na pahala pa kutupa kitu kisichotakiwa kuonekana ni humo. Wapakuaji wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni kwa mikono yao, wanajua vizuri zaidi ya mhandisi yeyote nini kinachojaza shimo. Mashine ya kunyonya nayo huziba. Shimo lililojaa kabla ya wakati wake husubiri mvua, na mvua ikija mwenye nyumba hulitapisha mferejini. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilianza kuripotiwa Kinondoni. Itakuwa uzushi kuitwisha pedi lawama hiyo. Lakini si uzushi kusema kuwa kinachofichwa uani hakiishii uani.

Upande wa shule, mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na mwaka 2016 ada ya shule za serikali ikafutwa hadi kidato cha nne. Mabinti wakawa wengi madarasani kuliko wakati wowote wa historia ya mji. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20. Shule nyingi za mjini ziko mbali na kipimo hicho, na tundu likiwepo, mara nyingi halina maji, wala komeo, wala ndoo yenye mfuniko. Binti wa Chamazi anayepanda daladala alfajiri na kurudi alasiri anahitaji kinga itakayodumu saa nane au tisa ikiwa hakuna pa kubadilishia. Pedi hutakiwa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na mapema zaidi damu ikiwa nyingi. Pengo kati ya saa hizi na zile halina bidhaa ya kuliziba. Linazibwa na mlango wenye komeo.

Siasa ilifika kwa njia ya kodi. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike pedi bure. Bungeni Dodoma, wabunge wanawake, miongoni mwao Upendo Peneza, waliipigania hoja hiyo. Juni 2018 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alitangaza msamaha wa kodi hiyo kwa Tanzania. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, waziri huyohuyo aliirudisha, kwa hoja kuwa bei haikushuka na faida iliishia kwa wafanyabiashara. Badala yake akapendekeza punguzo la kodi ya mapato kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Kodi ile ni asilimia 18. Katika pakiti ya mfano ya shilingi 2,000 ni kama shilingi 305. Shilingi hizo zilikuwa mkononi mwa nani kwa mwaka mzima? Swali hilo liliulizwa na serikali, na jibu lake likawa kumrudishia mnunuzi mzigo aliokuwa hajautua.

Hoja kubwa iliyotumika katika mijadala hiyo, nchini na nje, ilikuwa ile ya msichana mmoja katika kumi wa Afrika kukosa shule kwa sababu ya hedhi. Takwimu hiyo imerudiwa mno, na msingi wake ni dhaifu mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Nepal uliwapa wasichana vikombe ukaona kuwa siku walizokosa shule kwa sababu hiyo zilikuwa chache tangu mwanzo. Jaribio la Siaya, magharibi ya Kenya, katika shule 30, lililochapishwa mwaka 2016, halikuona kuwa pedi au vikombe vilipunguza kuacha shule; liliona dalili za kupungua kwa baadhi ya maradhi ya uzazi. Matokeo haya hayaipunguzii kadhia uzito wake. Yanaonyesha kuwa binti wengi huenda shule hivyohivyo, wakakaa dawati la nyuma, wasisimame kujibu swali, wasicheze, wakafunga sweta kiunoni katika joto la Dar es Salaam. Daftari la mahudhurio halina safu ya mambo hayo.

Majibu mengine yamekuwa yakitafutwa Afrika Mashariki yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Moses Musaazi alibuni MakaPads kwa mafunjo na karatasi. Huko Masaka, AFRIpads ilianza kushona pedi za kitambaa za kufuliwa mwishoni mwa muongo wa 2000, na Dar es Salaam yenyewe wajasiriamali wanawake wamefuata njia hiyo. Ukiitazama kwa makini, pedi ya kufuliwa ni sodo iliyokwenda shule: ina vifungo pembeni, ina ngozi isiyovuja, lakini masharti yake ni yaleyale manne ya kungwi. Kikombe nacho kimerudi, sasa kikiwa cha silikoni. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikiona kuwa ni salama, na kuwa kuvuja kwake hakuzidi kwa pedi. Hukaa hadi saa 12, huchemshwa kila mzunguko, na kikitunzwa hudumu miaka kadhaa. Kinahitaji mikono safi, sufuria yake pekee, na moyo uliotulia. Wazazi wengi wa pwani huuliza habari ya ubikira, na swali hilo halijibiwi kwa kebehi. Hujibiwa kwa maelezo ya mwili, na uamuzi huachwa kwa mwenyewe na mama yake.

Basi iliyo sahihi ni ipi? Historia hii haielekezi kwenye bidhaa moja. Inafundisha maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua. Je, maji yako, na ni matamu au ya chumvi? Je, kitambaa kitapata jua bila kivuli cha kanga? Je, kilichokwisha kutumika kitakwenda wapi: shimoni, motoni, au kwenye gari la taka? Je, kwa saa ngapi mwenyewe atakuwa mbali na mlango unaofungika? Mwenye maji na ua wake atapata raha na akiba katika pedi ya kufuliwa au katika kanga kuukuu iliyopigwa jua vizuri. Anayeshinda sokoni Tandika mbele ya meza ya nyanya, choo kikiwa cha kulipia, pedi ya dukani itamfaa mchana na kitambaa usiku. Mwenye ujasiri, maji safi na sufuria, kikombe kitampunguzia gharama za miaka. Kuchanganya si aibu. Aibu, kama ipo, ni ya nyumba na shule zisizomwachia nafasi ya kuchagua.

Tangu mwaka 2014, tarehe 28 Mei huadhimishwa kuwa Siku ya Hedhi Salama Duniani. Hutolewa hotuba, na maboksi ya pedi hukabidhiwa mbele ya kamera. Boksi lina mwisho wake. Kungwi hakugawa chochote isipokuwa kitambaa kimoja na maneno mengi, na maneno hayo yalidumu mpaka kwa wajukuu. Mji uliomwondoa kungwi umemleta mwalimu, muuguzi, muuza duka na mama anayerudi saa mbili usiku amechoka. Mmoja wao akisema mapema, kabla ya ungo kuvunjika, kwa Kiswahili kilicho wazi kama kile cha Kiarabu cha vitabuni, binti hatalazimika kujifunza kwa doa.